Jani Lililotafunwa na Nyumbu

Mpimaji wa ardhi alikuja na mashine yake ya miguu mitatu,
akaisimika kwenye matope ya mgombani, akauliza:
Mpaka wenu uko wapi?
Nikamwonyesha masale.
Akatabasamu. Hayo ni majani, mama.

Ndiyo. Ni majani.
Huku mlimani, aliyekukosea akikuletea jani hilo,
amelifunga fundo,
huwezi kumfukuza, hata kama amemwaga damu ya ndugu yako.
Utamsikiliza. Utatafuta mbuzi.

Kirasha ilikuwa nchi, haikuwa kata.
Ungeweza kuizunguka kwa nusu siku kama goti halikuumi,
korongo hadi korongo, kutoka msituni hadi kule chini
ambako migomba hukata tamaa na nyasi huanza.
Lakini ilikuwa nchi.
Mangi Kilawe aliikuta na mikuki mia,
akauza pembe kwa watu wa pwani, akapata magobori,
akapata shuka nyekundu, akapata maadui wenye adabu.
Akachimba mfongo kutoka mto wa juu,
siku arobaini wanaume wakila kiburu ukingoni,
hadi maji yakapanda (naapa, ukiyatazama yanapanda)
mpaka mlangoni kwa mama yake kipofu
aliyechovya kidole, akasema:
Baridi. Mwanangu amekua.

Kisha wakaja wenye bendera.
Kilawe hakuwa mjinga. Aliuona mzinga.
Akamtuma mdogo wake Mashingia ashuke na jani la sale,
fundo moja, mikono miwili, kichwa wazi.
Mashingia akasimama mbele ya hema tangu alfajiri.
Ofisa alikuwa ananyoa ndevu.
Nyumbu wa mizigo akanyoosha shingo
akalitafuna lile jani,
fundo na yote.
Askari wakacheka. Mashingia naye akacheka.
Bibi Aisaria, aliyesimuliwa na mama yake,
alisema kicheko hicho ndicho kilichoangusha nchi;
mzinga ulikuja kumalizia tu.

Hawakumwua. Walimvika kofia.
Wakampa bendera ya kutweka kila asubuhi,
daftari, na kiboko.
Rupia tatu kwa kila nyumba. Asiye na rupia
akabebe mawe ya boma kule Moshi.
Mangi aliyepandisha maji
akashuka mlango kwa mlango akihesabu mapaa.
Watu waliendelea kumpigia vigelegele,
ila walianza kuficha mbuzi.

Wakaondoka hao, wakaja wengine, wenye chai.
Mwanawe akapewa mshahara na saa ya mfukoni.
Akaamua kesi za kahawa kwa muhuri.
Umangi nao ukawa na mwisho wa mwezi.

Na bendera yetu wenyewe ilipokwisha kupanda,
barua ya mistari minne ikafuta kiti.
Tulishangilia. Nilikuwa na miaka saba,
nilipewa soda nzima peke yangu.
Jioni mjukuu wa Kilawe akaja kwetu kuomba zamu ya maji
kama mtu yeyote, jembe begani,
na bibi hakujua amwamkie kwa salamu ipi,
akampa kata ya mbege, akatazama pembeni.

Mpimaji anaandika namba.
Amechimbia jiwe la saruji hatua mbili ndani ya masale,
anasema mashine haikosei.
Nimekata jani moja. Nimefunga fundo.
Sijui ni nani amemkosea nani,
ila nimesimama nalo mbele yake, mikono miwili,
mfongo ukipita katikati yetu, ukipanda,
naye ananiomba, kwa upole kabisa,
nisogee kidogo:
nimeziba lenzi.